Mbwa wa Jirani Wanachafua Ukoka Wangu, na Sijui Nimwambieje

BARUA YA MSOMAJI

Mpendwa Mshauri,

Baada ya salamu na heshima, naomba unisaidie katika jambo ambalo wengine wanaweza kuliona dogo, lakini kwangu limefika mahali pa kuninyima usingizi.

Mimi ni mjane, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na ninaishi upande wa pwani wa Jiji la Tanga katika nyumba tuliyoijenga pamoja na marehemu mume wangu, ambaye alifanya kazi bandarini. Mbele ya nyumba pana uwanja wa ukoka alioupanda mwenyewe, kipando kwa kipando, na mpaka leo ninaumwagilia maji kila jioni kama alivyokuwa akifanya yeye. Hakutaka ukuta. Alikuwa akisema kwamba ukuta utazuia upepo wa bahari na utawafanya watu wapite bila kujuliana hali, kwa hiyo mpaka wetu na jirani ni ua wa michongoma tu, ambao nao umezeeka na umeacha mianya huku chini.

Kwenye ukoka huo ndipo ninapotandika mkeka baada ya sala ya alasiri, nikakaa na wajukuu zangu pamoja na watoto wengine wa mtaani, nikawasomesha Juzuu Amma, juzuu ya mwisho ya Kurani. Si madrasa rasmi. Nilianza na wajukuu peke yao nilipostaafu, wazazi wengine wakapendezwa, wakaniomba niwapokee na wa kwao.

Jirani yangu ni mama wa makamo kutoka bara, Mkristo, mfanyabiashara, anayeishi na watoto wake na kijana mmoja wa kazi. Siwezi kusema uongo mbele ya Mungu: amekuwa jirani mwema. Mume wangu alipofariki alifungua geti lake ili magari ya watu waliokuja msibani yaegeshwe kwake, akatoa viti, akavuta mpira wa maji mpaka kwa wapishi. Baadaye presha iliponipanda usiku, ni yeye aliyenipakia kwenye gari lake akanifikisha Hospitali ya Bombo, na hakuondoka mpaka mwanangu alipopatikana kwenye simu.

Mwaka jana wezi walimwingilia, wakamchukulia televisheni na mtungi wa gesi watu wakiwa wamelala. Baada ya hapo akaleta mbwa wawili wakubwa, na sikumlaumu, kwa sababu hata mimi ninalala vizuri zaidi nikijua wapo. Shida ni alfajiri. Kijana wa kazi hufungua geti akafagia nje, na mbwa hutoka, wakapita kwenye mwanya wa michongoma na kuja moja kwa moja kwangu. Nimewaona kwa macho yangu nikiwa dirishani baada ya kuswali: yule mweusi huzunguka mara mbili tatu karibu na mlimao, akachuchumaa, na mwenzake humfuata. Mimi hutoka na chepeo na majivu nikaondoa kabla watu hawajaamka. Ukoka wenyewe umeanza kuungua, una madoa ya duara ambayo katikati ni manjano na pembeni yamezungukwa na majani mabichi kuliko yote.

Kwetu sisi hilo si uchafu tu bali ni najisi, tena najisi nzito. Ninapotandika mkeka najiuliza nimeuweka juu ya nini, na watoto wamekanyaga nini kabla ya kushika juzuu. Halafu mwezi uliopita mjukuu wangu wa miaka sita alitokwa na mchirizi mwekundu kwenye wayo, umejipindapinda, unawasha mpaka analia, na kila siku unasogea kidogo. Hospitalini tukaambiwa ni minyoo ya mbwa iliyoingia kwenye ngozi. Habari ikaenea mtaani, na sasa kuna mzazi ambaye hamleti tena mtoto wake.

Usidhani nimekaa kimya. Nilimwambia yule kijana, akasema atamweleza bosi wake. Nikaanika kanga yenye maneno upande wa kwake, maana waliosema fumbo mfumbe mjinga, mwerevu huligangua, waliona mbali. Hakusema kitu. Siku moja tulipokutana kwenye michongoma nikamwambia, "Jirani, ukoka wangu siku hizi unaharibika mno." Akanijibu, "Pole mama, jua la safari hii ni kali." Nilirudi ndani mikono ikitetemeka. Mtu ananichafulia uwanja, kisha ananisingizia jua?

Shemeji yangu ananishauri niende kwa mtendaji wa mtaa. Rafiki yangu wa siku nyingi anasema nikusanye uchafu wote kwenye mfuko nikauweke mlangoni pa mwenyewe. Mwanangu aliyeko Dar es Salaam amenipigia simu akasema, "Mama, niachie mimi, nikija mwisho wa mwezi nitakuja na dawa yao," na ninaelewa maana yake. Ninaogopa nikisema wazi nitaonekana mtu wa kuleta udini katika mtaa ambao watu wameishi pamoja miaka yote. Vilevile ninamwonea haya kwa wema alionitendea. Je, fadhila zake zinanilazimu kuvumilia?

Ni mimi,
Mama Mjane, Tanga

JIBU LA MSHAURI

Dada yangu mpendwa,

Pole kwa kufiwa na mwenzio, na pole kwa kazi hiyo ya kila alfajiri ambayo umekuwa ukiifanya peke yako ili watoto wasione.

Kabla ya yote naomba nizungumzie simu ya mwanao, maana hilo halisubiri mwisho wa mwezi. Anakuonea uchungu mama yake na yuko mbali, kwa hiyo moto wake naufahamu. Lakini chakula chenye sumu kikishatupwa hakina mwenyewe: kuku atakidonoa, paka atakiramba, kunguru atakibeba na kukidondosha kwenye uwanja wa mtu mwingine, na uwanja unaotajwa hapa ni ule ule wanaokaa watoto alasiri. Kumwekea sumu mbwa wa mtu ni kosa la jinai, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kuwatendea wanyama ukatili. Tena mbwa wawili wakifa ghafla mara tu baada ya mtoto wako kufika kutoka Dar es Salaam, hakuna atakayehitaji kupeleleza. Jirani yako, ambaye tayari ameingiliwa na wezi, atakuwa ameingiliwa mara ya pili, na safari hii na nyumba aliyoiegemea. Mpigie mwanao leo hii umwambie kwa sauti ya mama kwamba neno hilo umelikataa, na kwamba akitaka kusaidia ipo kazi nyingine ya kumpa, ambayo nitaitaja baadaye.

Sasa turudi kwenye shida yenyewe. Unavyonieleza, unaumizwa na uchafu, lakini naona umeumizwa zaidi na jibu lile la jua. Kinyesi umekuwa ukikizoa kimyakimya kwa muda mrefu, na mikono ilianza kutetemeka siku ulipoona kwamba mtu uliyemheshimu anakudharau. Naomba univumilie nikuulize: una hakika gani kwamba alikudharau?

Yapitie tena maneno yaliyomfikia. Kanga ilianikwa. Wewe umekulia pwani, ambako kanga husema na mwenye kusemwa husikia. Yeye ametoka bara, na huenda kwao kanga iliyoanikwa ni kanga inayokaushwa, basi. Kisha ukamwambia kwamba ukoka unaharibika, bila kutaja mbwa. Mtu asiyejua lolote, akisikia maneno hayo wakati wa kiangazi, akatupa jicho kwenye ukoka wenye madoa ya manjano, atajibu nini? Atasema pole, jua ni kali. Inawezekana alikuwa akikukwepa, hilo siwezi kulikataa kwa kuwa sikuwepo na sikuona uso wake. Lakini inawezekana vilevile kwamba alikupa pole ya kweli na mpaka leo hajui kwa nini umepunguza kumsalimia.

Kuna yule kijana pia. Alisema atamweleza bosi wake, nawe ukahesabu kwamba ujumbe umefika. Mtazame kwa upande wake. Anayefungua geti ni yeye, na anayeacha mbwa watoke bila kuwafuata ni yeye, kwa hiyo kumweleza bosi ni kujishtaki mwenyewe. Vijana wengi wa kazi wametoka vijijini, mshahara ni mdogo na kibarua kinaweza kuota mbawa kwa neno moja. Mwenye nyumba naye saa hiyo huenda yumo kitandani. Akiamka anakuta mbwa wako ndani, uwanja wake ni msafi, na anaweza kuwa anajisifu kwamba mbwa wake wana adabu. Sikuambii kwamba ndivyo ilivyo. Ninakuomba tu uliache wazi, kwa sababu namna utakavyoanza kuzungumza naye itategemea kama unamwona ni mtu anayekukosea kwa makusudi au mtu asiyejua.

Hata hao mbwa wana sababu ya kuja kwako. Mbwa hapendi kujisaidia karibu na mahali anapolala na kulia chakula, na haja humbana zaidi anapoamka na muda mfupi baada ya kula. Akifunguliwa alfajiri hutafuta ardhi laini iliyo karibu, na akishajisaidia mahali mara moja, harufu humrudisha pale pale, ndiyo maana unawaona kila siku karibu na mlimao. Yale madoa uliyoyaeleza vizuri sana ni alama ya mkojo: una naitrojeni nyingi, ambayo huunguza majani ya katikati, na pale pembeni inapofika kidogo hugeuka mbolea, ndipo majani yakawa mabichi kuliko mengine. Ukimwaga maji mengi mahali hapo mapema, kabla jua halijapanda, unaupunguza ukali wa mkojo na harufu pia. Epuka dawa za usafi zenye amonia, kwa kuwa harufu yake inakaribiana na ya mkojo na inaweza kuwaita tena badala ya kuwafukuza.

Kuhusu mjukuu, daktari aliyemwona hakukosea kukueleza hivyo. Mchirizi unaosogea kwenye ngozi husababishwa na viluwiluwi vya minyoo ya safura ya mbwa na paka, ambavyo hukaa kwenye udongo au mchanga wenye unyevu na kupenya ngozi ya mtu anayetembea pekupeku. Tazama lakini kwamba nimetaja paka, na Tanga haikosi paka wa kuzurura. Mchanga wa ufukweni nao unaweza kuwa na minyoo hiyo hiyo, na sidhani wajukuu wako hawaendi Raskazone siku za mapumziko. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba aliipata kwenye ukoka wako, na inawezekana aliipata kwingine. Ukimwendea jirani na kumwambia "mbwa wako wamemwambukiza mjukuu wangu," utakuwa umebeba shtaka usiloweza kulithibitisha, na mazungumzo yataishia kwenye kubishana juu ya mguu wa mtoto huku mbwa wakiendelea kutoka kila alfajiri. Ukisema, "Nina watoto wanaokanyaga pale pekupeku, na daktari ametuonya kuhusu minyoo ya mbwa," umesema kweli tupu na hakuna anayeweza kuikataa.

Nikuongezee jambo moja linalopasa kujulikana na nyote wawili, kwa sababu linahusu watoto wa kila upande. Mbwa wana minyoo mingine, mviringo, ambayo mayai yake hutoka na kinyesi. Yakiwa mapya hayaambukizi. Huchukua wiki mbili au zaidi kukomaa kwenye udongo, na baada ya hapo yanaweza kudumu humo kwa miezi mingi, hata miaka. Ndiyo kusema kuzoa kinyesi siku ile ile, kama unavyofanya, kuna faida kubwa, ila kukifukia papo hapo kwenye bustani au kukitia kwenye mbolea ya mboga hakufai. Minyoo hiyo na ile ya safura hutibika kwa mbwa kwa dawa isiyo ghali, na afisa mifugo wa kata anaweza kumwelekeza mwenye mbwa. Kichaa cha mbwa hakiambukizwi kwa kinyesi bali kwa mate, hasa kwa kuumwa, lakini mbwa wanaozurura bila kufuatwa na mtu ndio wanaoweza kukutana na mbwa mgonjwa, kwa hiyo ni haki yako ya kijirani kuuliza kama hawa wamechanjwa na kama chanjo hurudiwa kila mwaka.

Sasa niguse jambo unaloliogopa zaidi, la kuonekana unaleta udini. Mafundisho ya Shafii, ambayo ndiyo yaliyoenea pwani yetu, yanamhesabu mbwa kuwa najisi nzito, na namna ya kuitakasa ardhi na mkeka mimi si mwanachuoni wa kukufundisha. Mwulize sheikh wa msikiti wako, utulie moyo. Ninachoweza kukusaidia ni namna ya kulitaja jambo hilo mbele ya mtu asiye wa dini yako, na hapa naona hatari pande zote mbili. Ukianza na najisi, anaweza kusikia kwamba unaiita nyumba yake chafu, na mtu anayejihami hasikilizi. Ukiliacha kabisa, ataona kwamba ni suala la kufagia tu, atamtuma kijana aje azoe kila asubuhi, atajiona amemaliza, na wewe utabaki na dukuduku lile lile unapotandika mkeka. Wapo watakaokushauri uanze na usafi wa kawaida, ambao hakuna dini isiyoutaka, kisha umweleze kwa upole kwamba pale ndipo mnaposoma Kurani na kwamba kwenu ni muhimu mbwa wasifike kabisa. Wengine watasema ulitaje la dini mwanzoni ili lisije likaonekana kama jambo lililofichwa. Wewe ndiye unayemjua. Nikumbushe tu kwamba mama huyo alifungua geti lake wakati wa msiba wa Kiislamu na akajua wapishi wanahitaji maji, kwa hiyo si mgeni wa mambo yenu kama hofu inavyokuambia. Na dini yenu pia haimkatazi mtu kufuga mbwa wa ulinzi, jambo ambalo akilisikia kutoka kinywani mwako litampunguzia wasiwasi kwamba unataka awaondoe.

Ukiamua kuzungumza naye, nadhani ni vyema iwe ana kwa ana, mkiwa wawili, saa ambayo hana haraka na kijana hayupo karibu. Usiende alfajiri ukiwa na chepeo mkononi na moyo ukienda mbio. Unaweza kuanzia na ule usiku wa Bombo, kwa sababu ni kweli na kwa sababu unatoka moyoni, kisha ukasema bila mafumbo: mbwa wanatoka saa fulani, wanapita mahali fulani, wanajisaidia karibu na mlimao, nimewaona mwenyewe, na ninaomba tutafute njia. Huenda akakana, akasema mbwa wake hawatoki. Basi mkaribishe dirishani kwako alfajiri moja, mtazame pamoja. Nakusihi usianze na picha za simu, maana mtu akionyeshwa picha hujiona amepelelezwa. Na unapomtaja kijana, mtaje kama mtu wa kuelekezwa. Mkate wake usiwe fidia ya ukoka wako.

Usiende mikono mitupu pia. Ana uwanja wake, na kona moja yake inaweza kutiwa mchanga, ambapo kijana atawafunga kamba na kuwapeleka mara tu wanapoamka, kabla geti halijafunguliwa, awaache hapo mpaka wamalize. Mwanzoni kinyesi kidogo chao kikiwekwa kwenye mchanga huo, harufu huwafundisha kwamba pale ndipo mahali. Wakilishwa kwa saa zile zile kila siku, haja yao nayo inakuwa na saa, na kazi ya kijana inakuwa nyepesi. Haya hayagharimu fedha nyingi, ila yanahitaji mtu wa kuyasimamia kwa wiki kadhaa bila kuchoka, na hapo ndipo mipango mingi ya namna hii hufia. Siku za mwanzo wakiponyoka, usilichukue hilo kuwa dharau mpya.

Upande wako kuna ile mianya ya michongoma. Kuziba huku chini kwa seng'enge kutapunguza mengi, na hiyo ndiyo kazi ninayoona inamfaa mwanao akija. Najua neno la marehemu kuhusu ukuta lina uzito kwako. Seng'enge fupi iliyofichwa ndani ya michongoma haizuii upepo wala salamu, lakini ni wewe utakayeamua kama moyo wako unaridhika nayo. Ukiiweka bila kusema naye kwanza, anaweza kushangaa amekosa nini, na mbwa wenye mazoea wanaweza kuzungukia barabarani.

Ushauri wa shemeji yako wa kwenda kwa mtendaji wa mtaa si mbaya, na kuna siku unaweza kuwa wa lazima. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inashughulikia kero zinazohatarisha afya, afisa afya wa kata ana mamlaka ya kuja kutazama, na ofisi hiyo itakueleza sheria ndogo za Jiji zinasemaje kuhusu wanyama wanaoachwa kuzurura. Lakini mama huyu akipokea wito wa ofisi kabla hajapokea neno lako mwenyewe, atajiuliza kwa nini jirani aliyemwamini alipita mlangoni pake kwenda kumshtaki. Ngazi ya kati ipo: mama mwingine wa mtaani mnayemheshimu wote, au mwenyekiti wa mtaa akija kwa mazungumzo tu. Mtu wa kati huokoa mtu mwenye haya, ila hubeba maneno yako kwa namna yake, na mtaa utajua. Kuhusu mfuko wa uchafu mlangoni, rafiki yako anakupenda, lakini hapo ungekuwa umerudi kwenye mafumbo, na atakayeuokota ni yule kijana.

Umeniuliza kama fadhila zake zinakulazimu kuvumilia. Nakurudishia swali, nawe ulijibu taratibu: siku ile alipokuletea maji ya msiba, unadhani alitarajia kwamba utaogopa kumwambia kinachokuuma? Na kama mambo yangekuwa kinyume, kuku wako wakichakura bustani yake kila asubuhi, ungependa ajue kutoka kwako au kutoka kwa watu? Kunyamaza nako kuna gharama yake. Umeshaanza kumkwepa, na watoto wake wataona, hata kama wewe unajiona unalinda ujirani.

Wakati unatafakari, kuna ambayo hayahitaji kumngoja mtu. Darsa linaweza kuhamia barazani kwa sasa, watoto wakavaa kandambili wanapovuka uwanja na kunawa kwa sabuni kabla ya kushika juzuu. Mjukuu amalize dawa aliyoandikiwa. Yule mzazi aliyemwondoa mtoto wake anaweza kufuatwa nyumbani kwake, ukamweleza ulivyopanga, na ukamwomba asilitangaze jambo hili mtaani mpaka umezungumza na mwenye mbwa, asije akalisikia kwa watu kabla hajalisikia kwako.

Wako,
Mshauri